Kukaa na Mungu Katika Siku za Kazi



Mwaka jana, baada ya darasa la kipaimara, kijana mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Ni kijana wa mwambao wetu huu wa Ziwa Nyasa, anavua pamoja na baba yake mdogo, na usiku uliotangulia walikuwa majini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Akaniuliza, "Mwalimu, umetufundisha kwamba Mkristo hukaa na Mungu siku zote. Mimi usiku navuta nyavu, asubuhi tunaanika, mchana nalala, jioni nashona nyavu zilizochanika. Sasa nakaa naye saa ngapi?"

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 38, na mtu aliyesimama mbele ya ubao muda mrefu hivyo hakosi jibu. Nikamwambia kwamba Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike juu ya sala isiyokatika, na kwamba yeye naye asali moyoni akiwa kazini. Akasema, "Asante, Mwalimu," akaenda zake. Nilipokuwa nafunga mlango wa kanisa nilijua kwamba sikumjibu. Nilimpa maneno ya kweli kama mtu anayempa mwenye njaa jina la chakula.

Tangu siku ile swali lake limekaa nami, nami nimeona niliandike hapa, kwa maana si lake peke yake. Ni swali la mama anayepanga foleni ya mashine akiwa na debe la mahindi kichwani, la dereva wa bodaboda wa Mbinga mjini, la mwuguzi wa zamu ya usiku. Wote hao wamebatizwa, na wote wamesikia kwamba wasimwache Mungu hata dakika moja. Nani amewaambia namna ya kufanya hivyo?

Watu wengi wana majibu mawili. Wa kwanza husema: Mungu yuko kila mahali, sala ni jambo la moyo, haina haja ya saa wala kengele. Wa pili husema: njoo kanisani, hudhuria, shika zamu yako ya kufagia, toa sadaka yako, na hayo yatosha. Nimeishi katika majibu yote mawili, na naweza kusema mahali kila moja linapovunjika.

Nianze na lile la kwanza. Chuo cha ualimu nilichosomea kilikuwa cha Serikali, lakini sisi Waanglikana wachache tulikuwa na desturi yetu. Mwenzetu mmoja alikuwa na kipande cha reli alichokitundika mtini nyuma ya bweni, na kila jioni kabla ya chakula alikigonga, nasi tukakusanyika na kusoma Sala ya Jioni kutoka katika Kitabu cha Sala. Wengine walitucheka. Mimi mwenyewe mara nyingi nilisoma zaburi huku nikifikiria maharage. Mwaka 1981 nilipomaliza nilipangiwa shule katika milima ya Umatengo, mahali ambapo Wakristo karibu wote ni ndugu zetu Wakatoliki, na kanisa letu la karibu lilikuwa mwendo wa siku nzima. Nikajiambia, haidhuru, sasa mimi ni mtu mzima, nitasali moyoni.

Ilikuwa miaka ya taabu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini sabuni, sukari na mafuta ya taa vilikuwa adimu, na mwalimu kijana alikuwa na mengi ya kufikiria. Kwaresima ilipofika niligundua kwamba sikuwa nimesali tangu Noeli. Si kwamba nilikataa kusali, wala si kwamba imani yangu ilitikisika. Sikukumbuka tu. Ile sala ya moyoni, ambayo nilisema haihitaji saa, ilikosa saa kweli kweli, na pasipo mtu yeyote kuifukuza ikaondoka.

Jibu la jambo hili nililipata kwa wazazi wa wanafunzi wangu, ingawa wao hawakujua kwamba wananifundisha dini. Aliyefika Umatengo ameona ngolo. Mashamba yako kwenye miteremko mikali, na mvua ya kule si ya mchezo. Basi, karibu na mwisho wa mvua, mwezi wa 3, hufyeka majani, huyapanga chini kwa mistari inayokatana kama madirisha, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafukia majani yale. Hubaki shimo katikati na matuta pande zote, na mlima mzima huonekana kama sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya matuta. Mvua ikinyesha, maji huingia mashimoni, hutulia, huzama polepole, na udongo haushuki mtoni. Kazi hii Wamatengo wameifanya tangu zamani za babu zao, na wataalamu wa kilimo wametoka nchi za mbali kuja kuitazama.

Nilipokuwa nikiwasaidia kuchimba, siku moja niliwaza hivi: mvua hainyeshi mashimoni tu. Inanyesha mlima wote. Lakini pasipo shimo inapita, na ikipita inachukua na udongo. Mungu hayuko katika saa 12 asubuhi zaidi ya anavyokuwa katika saa 4. Ila mimi ndimi mteremko, nisipochimba mahali palipopangwa, neema inanyesha na kushuka ziwani. Nabii Danieli alijua kwamba Mungu yuko Babeli nzima, hata hivyo alifungua dirisha lake mara tatu kwa siku.

Nilipokuwa Umatengo nilikuwa nikishuka Mbinga mjini kununua chumvi kwa mwenye duka mmoja Mwislamu. Mara kwa mara nilimkuta amefunga mlango nusu, nami hungoja barazani pake. Hakuniomba radhi wala hakujivuna. Alimaliza, akafungua, akapima chumvi. Nami nilikuwa mtu niliyejiambia kwamba sala yangu ni ya moyoni na kwa hiyo ni bora kuliko yake. Nakiri niliona haya.

Tena wazee wetu wa mwambao walikwisha kuonyeshwa jambo hili kabla yetu. Padre William Percival Johnson alikuja Zanzibar mwaka 1876 pamoja na Askofu Steere, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 akafika kwenye ziwa hili. Mwenzake Charles Janson alifariki hapa ufukoni mwaka 1882, muda mfupi baada ya kufika. Johnson aliugua macho, jicho moja likapofuka kabisa na la pili likabaki na nuru kidogo tu. Hata hivyo kwa miaka zaidi ya 40 alikwenda na kurudi katika mwambao huu, kwa meli ndogo iliyopewa jina la marehemu Janson, kwa mtumbwi, na kwa miguu mchangani, kijiji baada ya kijiji, mpaka alipofariki mwaka 1928 akazikwa Liuli. Sisemi kwamba wamisionari walikuwa malaika. Walikuwa Waingereza wa wakati wao, na wazee wana habari zao nyingine. Lakini mtu huyu hakuwa na kituo. Nyumba yake ilikuwa safari, na sala za asubuhi na jioni zilikuwa wajibu wa padre hata akiwa safarini. Mahali palihama kila siku, saa haikuhama. Nami hufikiri kwamba mtu asiyeweza kusoma vizuri kwa macho yake husali kwa yale aliyokwisha kuyashika kichwani, na kwa hiyo hana udhuru wa kusema kwamba kitabu kimebaki nyumbani.

Kama mwalimu, napenda pia kukumbusha kwamba ile meli kubwa zaidi, Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901, ilikusudiwa kuwa pamoja na mambo mengine chuo cha walimu kinachoelea. Ilipewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hili hili mwaka 1895. Chuo chenye mawimbi chini yake! Nilipokuwa nikigombana na wanafunzi juu ya madawati yaliyokosa mguu mmoja nilikuwa nawaza habari hiyo na kujituliza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kijana yule hakuliuliza, lakini najua litamsumbua. Akisha kupanga saa zake, atakuta kwamba hata katika saa hiyo mawazo yake yako kwenye nyavu. Atadhani basi kwamba sala yake ni ya bure.

Huko Paris, Ufaransa, katika miaka ya 1600, aliishi mtawa Mkarmeli aliyeitwa Ndugu Lawrence. Kwanza alikuwa askari, akaumia, na alipoingia utawani hakuwa padre wala msomi, akapewa kazi ya jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda. Alifariki mwaka 1691, na baada yake yalikusanywa mazungumzo na barua zake katika kijitabu ambacho Wakristo wa makanisa mengi wanakisoma mpaka leo. Anajulikana kwa kusema kwamba kwake saa ya kazi haikutofautiana na saa ya sala, na kwamba kati ya kelele za masufuria alikuwa na Mungu sawasawa na alipopiga magoti. Wale wa jibu la kwanza humpenda sana kwa maneno hayo. Lakini wanasahau mambo mawili. La kwanza, Ndugu Lawrence aliishi maisha yake yote ya utawa katika nyumba yenye kengele, na kengele ilipolia alikwenda. La pili, yeye mwenyewe alikiri kwamba alitaabika miaka kama 10 kabla jambo hili halijawa jepesi kwake. Na shauri lake kwa mtu ambaye mawazo yake yanatangatanga lilikuwa la upole: asijigombeze muda mrefu, arudi tu.

Watu wa mwambao hawahitaji kwenda Paris kulielewa hilo. Mtu anayepiga kasia wakati mwera unavuma hafiki kwa sababu mtumbwi wake ulikwenda moja kwa moja. Kila kasia linapotoka majini, omo inasogezwa na upepo, naye kwa kasia linalofuata anairudisha. Ukimtazama kutoka ufukoni utasema anakwenda sawa. Yeye mwenyewe anajua kwamba amepotea na kurudi mara elfu moja tangu alipotoka. Mpiga kasia mbaya si yule ambaye omo yake inasogezwa na upepo. Ni yule anayeacha kasia ili aulaumu upepo.

Basi, hilo ndilo jibu la kwanza na mahali linapovunjika. La pili, lile la kusema kwamba kuhudhuria kunatosha, limenigharimu zaidi, na sitaki kulipita haraka.

Nilipostaafu nilirudi nyumbani ziwani, nikachaguliwa mzee wa kanisa. Padre wetu ana makanisa mengi, kwa hiyo Jumapili nyingi huongoza katekista, nami hutoa matangazo. Jumapili moja ya mwezi wa 11 Padre alikuwapo na Misa iliadhimishwa, lakini viti vilikuwa vitupu. Mwezi ulikuwa gizani. Msomaji wa mwambao anajua maana yake: usiku usio na mwezi ndio usiku wa usipa, kwa kuwa usipa hufuata taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola. Mitumbwi hurudi alfajiri, na usipa haungoji. Ukianikwa mapema juani unakauka na kupata bei; ukichelewa, na mvua za kwanza zinanyemelea, jioni unanuka. Sisi wanaume tunavua, lakini mzigo wa kuanika ni wa akina mama. Na kengele ya Misa hulia saa ile ile ambayo jua linaanza kufaa.

Nikasimama, nikasema mbele ya watu wote kwamba wako waliochagua samaki badala ya Bwana. Nikaendelea, nikamtaja mama mmoja kwa jina, kwa kuwa alikuwa mmoja wa viongozi wa akina mama na nilitaka awe mfano. Padre alinitazama. Sikuelewa.

Siku ya Jumanne mama yule akaja kwangu na bakuli la usipa mkavu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa kwamba haendi kwa mtu mikono mitupu. Akakaa. Akasema, "Mwalimu, uliyosema ni kweli, sikuja. Usipa ulikuwa madebe manne na jua lilikwisha kutoka. Ningekuja, jioni ningeumwaga ziwani, na mkopo wa zile taa ni wangu. Lakini usidhani kwamba sikusikia. Kengele ya kwanza nilijua mnaingia, nikaanza Baba Yetu. Ile kengele ya kuinua ilipolia mara tatu nilijua Padre ameinua Mwili wa Bwana, nikapiga magoti pale mchangani. Kisha kunguru wakaja." Hapo akacheka. "Kunguru hawana Jumapili, Mwalimu."

Sikuwa na la kusema. Nikamwambia asante kwa usipa.

Naomba nisieleweke vibaya. Mama yule hakudai kwamba kupiga magoti mchangani ni sawa na kupokea Ushirika Mtakatifu. Padre alipokuja tena siku ya kazi alikuwa wa kwanza kufika. Alijua kwamba amekosa kitu, na alikihuzunikia. Lakini hakuwa amekatika. Na hapa niseme shauri langu kwa halmashauri ya kanisa, hata kama si pahali pake: katika siku za giza la mwezi, kwa nini tusisali Jumapili saa 10 jioni, usipa ukisha kuanuliwa? Kanisa la mwambao linalopanga saa zake kama vile watu wake wote ni walimu na makarani linajitafutia viti vitupu, kisha linawalaumu waliokosa.

Lakini sijafika kwenye jambo lenyewe. Mama yule alipokwisha kuondoka nilikaa na bakuli lake mbele yangu, nikakumbuka jambo la miezi mitatu iliyopita.

Wasomaji wa Mbinga wanajua magoma. Kwa wasomaji wa ziwani naeleza kwa ufupi. Mkulima wa kahawa huvuna kati ya mwezi wa 6 na wa 9. Mwezi wa 2 chakula kimekwisha, ada na sare za watoto zinadaiwa, na fedha hakuna. Huja mtu mwenye fedha akampa kidogo, na mkulima huahidi kahawa ambayo bado iko mtini. Msimu ukifika, kahawa ni ya mwenye fedha, kwa bei ile ya mwezi wa 2, hata kama chama cha ushirika kinalipa mara mbili au zaidi. Viongozi wamekemea jambo hili mara nyingi. Linaendelea, kwa sababu njaa ya mwezi wa 2 nayo inaendelea.

Mimi nilikuwa na kiinua mgongo changu. Nilikuwa na watu wawili niliofahamiana nao tangu nilipofundisha kule milimani. Mmoja alikuwa mwanafunzi wangu. Walinipigia simu wao wenyewe. Nilijiambia kwamba nawasaidia, na kwa kweli watoto wao walikwenda shule. Kila mmoja aliniahidi kahawa kilo 100, kwa fedha isiyofika nusu ya bei ya msimu ule. Mwezi wa 8 nilipanda kwenda kuichukua. Barabara ya lami sasa imefika Mbamba Bay, na safari ile iliyokuwa ikitutoa jasho ni ya muda mfupi.

Nilikuwa barazani kwa yule mwanafunzi wangu wa zamani, nimeshika mizani, naye anainua gunia, mkewe amesimama mlangoni. Kengele ya adhuhuri ikalia katika kanisa la Wakatoliki lililo juu ya kilima. Kwa mazoea ya miaka mingi nilivua kofia na kuanza sala. Sikuweza kuendelea. Maneno niliyajua, lakini kila nilipotaka kulitamka jina la Mungu, jicho langu lilikuwa kwenye mshale wa mizani, na mke wa yule bwana alikuwa ananitazama. Niliona wazi kabisa kwamba naweza kuendelea na sala au naweza kuendelea na mizani, lakini si vyote viwili.

Nataka niseme kweli, kwa kuwa nimeanza. Nilivaa kofia, nikaendelea na mizani.

Na miezi mitatu baadaye nikasimama mbele ya kanisa, mtu asiyekosa Jumapili, kumshutumu mama ambaye mikono yake ilikuwa imejaa magamba ya samaki na bado aliweza kupiga magoti bila kuondoka kazini kwake. Kazi yake ilivumilia kengele. Yangu haikuvumilia. Mimi nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kusali. Nilikuwa mstaafu, siku nzima ilikuwa yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekuwa nikiuliza swali la saa, kana kwamba kinachotutenga na Mungu siku za kazi ni wingi wa kazi. Mara nyingine ndivyo. Lakini mara nyingine ni kwamba tunafanya jambo ambalo hatutaki litazamwe, na mtu asiyetaka kutazamwa hujifanya ana shughuli.

Mwezi wa 1 nilipanda tena Umatengo na fedha mfukoni, tofauti ya bei ya kilo 100 kwa kila mmoja. Mwanafunzi wangu alihesabu akacheka, akasema, "Mwalimu, umeota?" Nikamwambia ndiyo, karibu. Yule wa pili nilikuta amefariki, wiki tatu tu zilizopita, na mimi sikuwa na habari. Nikampa mjane wake. Alihesabu mara mbili, akaniuliza, "Hii ni ya kahawa gani?" Nikamweleza yote, kwa maneno ya wazi, jinsi nilivyomlipa mumewe na jinsi chama kilivyolipa. Hakusema kitu. Alifunga zile noti katika ncha ya kanga, akaendelea kupukuchua mahindi. Nilikaa kidogo, nikaaga. Sijui anavyonifikiria, na sina haki ya kumwuliza.

Haya yote yalikuwa yamekwisha kunipata kabla kijana yule hajaniuliza swali lake mwaka jana, na ndiyo maana nasema nilimjibu vibaya. Nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa limenigharimu, nikampa lile la ubaoni.

Basi, baada ya Pasaka mwaka huu nilimfuata ufukoni jioni moja. Alikuwa ameketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, anashona nyavu. Nikamwambia kwamba anakaa na Mungu saa tatu: nyavu zinapoingia majini, zinapotoka, na anapolala. Asali Baba Yetu polepole saa hizo, hata kama baba yake mdogo anapiga kelele avute, na akisahau, arudi kwenye saa inayofuata pasipo kujigombeza. Akasema hayo anaweza. Akataka kujua kama ni lazima avue kofia. Nikamwambia usiku Mungu hamwoni kofia, akacheka.

Kisha nikainama nikashika ule wavu aliokuwa anaushona. Ulikuwa na macho madogo mno, yale ya chandarua, ambayo mtoto wa samaki hapiti. Nikamwambia, "Na huu, kengele ikilia, unaweza kuushika?"

Akatazama chini. Akasema, "Ni wa baba mdogo, Mwalimu."

"Najua," nikasema.

Hakuniambia atafanya nini, nami sikumlazimisha. Nilikaa pale juu ya mtumbwi mpaka giza likaingia na wenzake wakaja na taa.